Maestra Nelda na Maneno ya Jikoni

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Maestra Nelda Cahuich Ortegón anastaafu baada ya kufundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na sita katika Chuo chetu cha Jioni, hapa Campeche. Wakuu wa chuo wamekuja na kuondoka, paa limeezuliwa na kimbunga likaezekwa upya, viti vya mbao vimekuwa vya plastiki, na yeye amebaki palepale chumba cha tatu, akiandika kwa chaki hata baada ya chuo kununua kalamu za ubao mweupe. Kalamu hizo, anasema, hazina vumbi, na mwalimu asiye na vumbi hajafundisha.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Fidencio Uc wa zamu ya asubuhi, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sharti kwamba usizidi ukurasa mmoja. Nilikuwa mwanafunzi wa Maestra kabla ya kuwa mwenzake kazini, kwa hiyo naandika kwa furaha ya mtu aliyeutazama mchezo tangu kipenga cha kwanza. Kama mwandiko unaonekana kurukaruka, ni kwa sababu mwandishi naye anarukaruka.

Alizaliwa mtaa wa San Román, mtoto wa mshona nyavu. Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya forodha bandarini, na huko ndiko alikojifunzia Kiingereza chake, peke yake, kutoka kwenye hati za mizigo na vitabu vya maelekezo ya mitambo. Mtu akimuuliza mwalimu wake alikuwa nani, hujibu kwamba alikuwa pampu ya maji ya meli, ambayo maelekezo yake aliyasoma mpaka akayakariri. Shikeni jambo hilo la pampu, maana litarudi.

Somo lake la kwanza lilikuwa lilelile kila Septemba, na waliolipitia hulisimulia kama watu wanavyosimulia harusi zao. Aliwauliza wanafunzi wapya wanajua maneno mangapi ya Kiingereza. Mmoja alisema kumi, mwingine alisema matatu na kwamba mawili kati yake ni matusi. Hapo Maestra aliwaamuru wapekue mifuko yao, kwa sababu wameingia darasani matajiri na hawana habari. Hospitali, hoteli, chokoleti, muziki, familia, televisheni: kila neno alilitamka kwanza kwa Kihispania, akaligeuza sauti kidogo, likatoka upande wa pili likiwa Kiingereza. Kisha alichukua maneno marefu yenye mkia mmoja, -ción, akaubadilisha mkia ule ubaoni kuwa -tion, na maneno mamia yakavuka mpaka kwa mkupuo mmoja bila pasipoti. Alieleza kwamba Kihispania ni mtoto wa Kilatini, na Kiingereza ni jirani aliyeazima nusu ya vyombo vya nyumba hiyo na hajavirudisha hadi leo. Msema Kihispania anayejifunza Kiingereza, alisema, hajifunzi kitu kigeni. Anakwenda kudai vyombo vya mama yake.

Sijui kama mnaweza kuhisi furaha ile. Eleuterio Dzib, mlinzi wa bandari, ambaye shule alikuwa ameiacha akiwa bado hajafika kifuani kwa mwalimu, alitoka darasani siku hiyo akiwatangazia watu wa kituo cha basi kwamba ameamka hajui Kiingereza na atalala anakijua. Mimi mwenyewe nilikwenda nyumbani nikamsomea mama yangu maneno ya kopo la maziwa, moja baada ya jingine, mpaka akaniomba nimwachie maziwa.

Kwa njia hiyo alifundisha miaka kumi na saba, na matokeo ya mitihani yalikuwa mazuri kiasi kwamba chuo cha mji jirani kilituma watu waje kuchungulia. Tulikuwa tunasema Kiingereza cha kuvaa tai. Mtalii akisimama njia panda akikuna kichwa, sisi tulimsogelea na kumuuliza iwapo mheshimiwa msafiri anahitaji usaidizi wa aina yoyote ile. Mtalii yuleyule akituomba kijiko, tulibaki tumeduwaa kama sanamu za kanisani. Hakuna aliyejali, kwa sababu mtihani haukuwahi kumwomba mtu kijiko.

Halafu ukaja mwezi wa Julai mwaka 2006. Maestra alikwenda Oregon kumwona mwanawe wa pekee, Wilberth, aliyeondoka hapa akiwa kijana wa miaka ishirini na kuoa hukohuko. Hasa alikwenda kumwona mjukuu wake, Noelia, aliyekuwa na miaka mitano na ambaye alimjua kwa picha tu. Noelia hakujua Kihispania. Mama yake ni mwenyeji wa huko, baba yake anashinda kazini, na mtaa mzima unasema Kiingereza. Hilo halikumtia Maestra wasiwasi hata kidogo. Bibi wengine wa Campeche wenye wajukuu ng'ambo hukaa mbele ya simu wakitabasamu tu, lakini yeye ni mwalimu wa Kiingereza. Alituaga akitutambia waziwazi.

Asubuhi ya kwanza, Noelia alimjia akiwa ameshika viatu vyake, kamba zinaning'inia, akasema jambo haraka haraka kwa maneno mafupi mafupi. Maestra hakulishika hata moja. Akamjibu kwa Kiingereza chake bora kabisa, kile cha pampu ya maji, akimuuliza kama mhusika ana hitaji lolote kuhusiana na vazi la miguu. Noelia akageuka, akamwendea baba yake mezani.

"Baba," alisema, "bibi anaongea kama tangazo la ndegeni."

Wilberth alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaanza kutafsiri. Alitafsiri siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima: mama yake, mwalimu wa Kiingereza, akitafsiriwa maneno ya mtoto wa damu yake kama mgeni aliyepotea uwanja wa ndege. Kulikuwa na maneno ya kumwagika, kujikwaa, kukuna, kuchutama, kukoroma, kubembea, na yeye hakuwa na hata moja. Alijua jinsi ya kusema upungufu wa shinikizo, lakini hakujua jinsi ya kusema usilie. Siku ya mwisho, uvumilivu ukamwishia, akamlaumu mwanawe kwa kutomfundisha mtoto Kihispania.

"Mama," Wilberth alimjibu polepole, "wewe ndiye uliyenilea ukiniambia Kiingereza kitafungua milango. Basi, nimemfungulia."

Mtu mwingine angerudi na siri hiyo akaifunika na zawadi za uwanja wa ndege. Maestra aliisimulia yote kwenye kikao cha kwanza cha walimu mwezi wa Agosti, akiwa amesimama, kahawa haijamiminwa, macho yakimng'aa kama ya mtu aliyegundua kisima cha mafuta uani kwake. Mkuu wetu wa wakati huo, don Gaspar Ehuán, alimwomba akae. Hakukaa.

"Tumekosea nyumba," alisema. "Tunawaingiza watu sebuleni na suti zao, wanapewa kiti, wanapongezwa, wanapigwa picha. Jikoni hawajui hata kijiko kiko wapi. Na watu hawaishi sebuleni, jamani. Watu wanaishi jikoni."

Maneno ya jikoni, kama alivyotufafanulia kwa mikono na miguu, ndiyo yanayomshinda msema Kihispania kuliko yote, kwa sababu hayana undugu wowote na Kilatini. Ni mafupi, yanafanana, na yanaungana kwa namna ambayo akili haitegemei. Mwingereza anayetaka kuzima moto huchukua neno la kuweka na neno la nje, akayafunga pamoja, na moto unazimika. Akikata tamaa, huchukua la kutoa na la juu. Neno moja dogo kwake lina kazi kama neno letu echar, ambalo hutia chumvi, humfukuza mtu kazini na hujilaza usingizi mfupi bila kuchoka. Kamusi haikusaidii hapo. Unahitaji mtoto.

Na mtoto alikuwa naye. Jumapili ile ile baada ya misa alipiga simu Oregon, akamwomba Wilberth ampe Noelia simu na yeye mwenyewe aondoke chumbani. Akamuuliza mtoto, kwa Kiingereza chake cha tai, mtu husemaje maziwa yakitoka kwenye kikombe bila ruhusa. Noelia alimwambia. Maestra alirudia vibaya. Noelia akamwambia arudie tena, na safari hii ajaribu kweli. Hivyo ndivyo Maestra wetu, ambaye sisi tulikuwa tukimwogopa, alivyopata mwalimu mkali kuliko yeye.

Kuhusu lotería, ule mchezo wa bahati wa kulinganisha picha, jambo lilitokea lenyewe. Mnajua jinsi mambo yalivyo pale uwanjani mbele ya kanisa kuu jioni za mwisho wa wiki: meza ndefu, akina mama na vibao vyao vya picha, punje za mahindi mkononi, na mwitaji akizitoa picha moja moja na kuziita kwa utani. Jioni moja jirani yake Maestra alimvuta akakae. Maestra alicheza vibaya, kwa sababu alikuwa akitazama watu badala ya kibao. Aliona ajuza ambaye hakumbuki alichokula mchana akikumbuka kila picha na mahali ilipo. Alirudi nyumbani karibu akikimbia.

Wiki iliyofuata alimwomba Noelia achore. Maziwa yaliyomwagika yalikuwa kadi ya kwanza: kikombe kimelala, mto mweupe unavuka meza, na ndani yake paka anaogelea akiwa na uso wa hasira. Ya pili ilikuwa mwanamke mwenye masikio makubwa akijikwaa kwenye jiwe, na Noelia alithibitisha bila aibu kwamba huyo ni bibi. Picha zilikuja kwa posta, zikabandikwa kwenye kadi ngumu, nazo kadi zikaingia kwenye sanduku la bati la biskuti. Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, chumba cha tatu kilicheza lotería ya kwanza ya maneno ya jikoni duniani, na kama kuna iliyoitangulia, basi ijitokeze.

Sheria zake mnazijua, ila nazitaja kwa ajili ya wageni. Mwitaji hataji neno; anaeleza mkasa mfupi kwa Kiingereza, na mchezaji aliyelishika huweka punje kwenye picha. Aliyejaza mstari hupiga ukelele wa lotería. Lakini hapewi zawadi, ambayo ni sahani ya pan de cazón, yaani chapati za mahindi zenye nyama ya papa, iliyopikwa na aliyeshindwa wiki iliyopita, mpaka aeleze ni wapi wiki hiyo alilitumia mojawapo ya maneno ya mstari wake, akizungumza na binadamu aliye hai. Akidanganya, meza nzima inamrushia punje.

Sheria hiyo ya mwisho imeutikisa mji huu. Eleuterio Dzib alihitaji neno la kujikwaa, basi akawafuata wazee wawili wa Kikanada urefu wote wa ukuta wa bahari, akiwanyemelea hatua kumi nyuma, akiwaombea jiwe. Wazee wale walipoanza kutembea haraka, naye akaongeza mwendo. Hatimaye aliyejikwaa alikuwa Eleuterio mwenyewe, akaanguka kifudifudi, na akiwa chini alilitangaza neno lile kwa sauti kubwa na kwa furaha isiyoelezeka. Wakanada walimwinua. Usiku wa Krismasi wa mwaka ule alikula nao.

Don Gaspar alitaka kuipiga marufuku lotería, akisema ni kamari na kwamba mahindi yanaleta panya. Maestra hakubishana naye. Alimwomba aje aone mara moja ili taarifa yake iwe na ushahidi. Don Gaspar alikaa, akapewa kibao, akakosa mstari kwa picha moja, na Ijumaa iliyofuata alikuwa mlangoni kabla ya mwenye funguo. Sasa amestaafu miaka mingi, na bado anakuja.

Sitaki mdhani ni vicheko tu. Nidia Pech alikuja kwetu akiwa muuguzi mwenye cheti cha Kiingereza cha sebuleni, kizuri sana, chenye muhuri. Baada ya mwaka mmoja wa Ijumaa, akaletewa zahanatini mtoto wa mtalii aliyeanguka kutoka ukutani, mkono umevunjika, wazazi wanalia kuliko mtoto. Nidia alipiga magoti, akamwambia atulie kidogo tu, amning'inie yeye shingoni, amkaze kwa nguvu, itauma kama kuchanjwa kisha itakwisha. Yote yalikuwa maneno ya kadi. Mtoto alinyamaza. Ijumaa hiyo Nidia alipoeleza mstari wake, mwitaji mwenyewe, yaani Maestra, ndiye aliyeshindwa kuendelea, na Eleuterio ikabidi amletee maji.

Kadi ziliendelea kuja, mwaka baada ya mwaka, na mkono wa mchoraji ukakua. Paka alikuwemo karibu kila picha. Kisha kulikuwa na neno moja ambalo Maestra alilitaka sana: lile fupi la Kiingereza la kuwa na hamu na mtu aliye mbali. Noelia, akiwa na miaka kumi na miwili, alimwambia angoje, kwa sababu hilo halichoreki. Angefikiria.

Baada ya hapo Noelia akatimiza miaka kumi na mitatu, na simu zikapoa. Maestra aliendelea kupiga kila Jumapili. Shule iko poa, mama yuko poa, kila kitu poa, kwaheri bibi. Picha zikakoma kabisa. Maestra alikata kadi moja ngumu, akaiacha nyeupe, akaitia sandukuni pamoja na nyingine. Ijumaa ilipotokea mkononi mwake, aliinyanyua, akasema kwamba hii bado iko njiani, na akaendelea na inayofuata. Wanafunzi wapya walifikiri ni sheria ya mchezo. Sisi tuliojua tulitazama vibao vyetu. Ilituuma, na sioni sababu ya kusema vinginevyo. Mwanamke aliyejifunza lugha upya kutoka sakafuni ili aongee na mtoto mmoja alikuwa ameipata lugha na kumkosa mtoto.

Katika Ijumaa zote hizi, Maestra hajawahi kucheza. Mwitaji hachezi, ndivyo ilivyo kila mahali. Kwa hiyo kamati imeamua kwamba siku ya kumuaga atakaa mezani na kibao chake, na mwingine ataita. Alipoambiwa mwitaji ni Fidencio Uc, alisema sauti yangu ni ya mbuzi aliyekwama kwenye uzio, lakini atavumilia, kwa kuwa mstaafu hachagui.

Maestra Nelda, umetupa funguo za sebule na ukarudi kutuonyesha mlango wa jikoni. Chuo kizima kinakushukuru kwa vumbi lako la chaki, kwa ukali wako na kwa mahindi yaliyoota kwenye nyufa za sakafu ya chumba cha tatu. Tunakuombea siku ndefu, afya ya kutosha kuzifaidi, na watu wa kuongea nao kila asubuhi.

UKURASA WA PILI

(Umo katika nakala zote isipokuwa ya Maestra. Ufungueni taratibu. Akiuliza mnasoma nini, semeni ni orodha ya vyakula.)

Ndugu zangu, nilikuwa na sababu ya kuvunja sharti la ukurasa mmoja. Ni hii, na imenikaa kooni muda mrefu kiasi kwamba mke wangu amenitishia kuisema yeye.

Miaka miwili iliyopita, asubuhi moja, simu ya ofisi ililia, nikaipokea. Ilikuwa sauti ya msichana akisema Kiingereza, akiniuliza kama kuna mwalimu anayeweza kutunza siri. Nilisema yupo, japo mnanijua. Akasema jina lake ni Noelia Cahuich.

Alinieleza kilichotokea alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Shuleni kwao alichagua somo la Kihispania, kwa ajili ya bibi, amshtukize. Akafeli. Kati ya darasa zima la watoto wa Kizungu, aliyefeli alikuwa yeye mwenye jina la ukoo la Campeche, na wenzake hawakumwachia. Tangu hapo, kila Jumapili simu ilipolia, aliona aibu kuishika. Aibu iliyoachwa hugeuka mazoea, na mazoea yakawa miaka.

"Bibi alijifunza lugha yangu mpaka jikoni," aliniambia. "Mimi yake sijafika hata mlangoni."

Nilimwuliza anataka tuanze lini. Akasema sasa.

Basi tukaanza. Kila Jumapili Maestra akiwa misani, mimi nilikuwa kwenye simu na Oregon. Nilimpa somo la mifuko kinyumenyume, nikamwonyesha kwamba maneno ya kifahari ya Kiingereza chake ni vyombo vyetu vilivyoazimwa, na sasa aje tu avichukue. Alipiga kelele za furaha zilezile za Eleuterio wa kituo cha basi. Kosa langu pekee ni kwamba siku moja nilimpa Eleuterio simu, naye akaanza kumfundisha kwa upande wake, kwa hiyo Noelia sasa anajua pia kila anachosema mlinzi wa bandari kamba ikimponyoka. Nimejaribu kumsahaulisha. Nimeshindwa.

Noelia yuko hapa. Amefika Jumatano na baba yake, wamejificha kwa Nidia, na Wilberth ametembea mjini akiwa na kofia na miwani myeusi kiasi kwamba kila mtu amemtambua. Wote mliomsalimu barabarani, asanteni kwa kunyamaza. Noelia amekula pan de cazón asubuhi, mchana na jioni, na amemkosoa Nidia mapishi kwa Kihispania.

Na ameleta kadi ile iliyokuwa njiani. Alinionyesha jana. Amekichora kibao cha lotería kilichojaa punje, kila picha imefunikwa, isipokuwa nafasi moja katikati ambayo iko wazi. Pembeni amekaa paka yuleyule wa maziwa, amezeeka, amenenepa, anaitazama nafasi ile. Basi. Hakuna kingine.

Sasa sikilizeni jinsi itakavyokuwa. Maestra atakaa meza ya mbele. Mimi nitaanza kuita, vibaya, jambo ambalo halitahitaji maandalizi. Katikati nitashika koo, nitakohoa, nitaomba mtu anipokee. Noelia atatoka stoo, atachukua sanduku la bati mikononi mwangu na kuendelea. Mtu asigeuke kabla ya Maestra. Kadi nimezipanga ili mstari wake ubakishe nafasi moja, niliyoiacha nyeupe kwenye kibao chake kwa ajili ya kadi hiyo. Ndiyo, ni wizi, na don Gaspar, ambaye zamani alitukataza kamari, ndiye aliyenisaidia kuchanganya.

Kadi ya mwisho Noelia hataieleza kwa mkasa. Ataisema tu, kwa Kihispania: "Bibi, nilikuwa na hamu na wewe." Jana hiyohiyo, wakati wa mazoezi, nilimshauri kwa heshima ya siku aivalishe kidogo, aongeze neno la moyo wa dhati, la miaka mingi, kitu chenye uzito wa sherehe. Ana kidevu kilekile cha bibi yake, na alikiinua hivyohivyo.

"Hapana, don Fidencio," alisema. "Hili ni la jikoni."

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja. Najua mtataka kupiga makofi, mtataka kulia, na Eleuterio atataka kusema kitu. Subirini. Amewaita wengine miaka yote hii, na kwa mara ya kwanza ana punje mkononi na mahali pa kuiweka. Mwacheni aiweke. Ukelele wa lotería usiku huu ni wake, na sisi tutapiga wetu akishamaliza.